Nakili, Sikiliza Mpaka Mwisho, Ndipo Ufute

Onsongo, wewe unayekalia kiti changu sasa, uliniomba niwaandikie ninyi vijana wa chumba cha mitambo machache kuhusu kazi, ukaongeza kwamba niandike kwa ufupi. Machache nitayaandika. Ufupi sikuahidi. Mtu aliyekaa na mashine kwenye chumba kimoja mpaka nywele zikabadilika rangi ana haki ya kurasa kadhaa, na tena keki yangu ya kustaafu mliimaliza ninyi.

Nianze kwa kujisifu ili tumalizane na hilo mapema. Mimi, Ogeto, nilizaliwa juu ya Nyamache, katika nyumba ambayo tochi ndiyo ilikuwa mtambo wetu wa umeme. Diploma yangu ya elektroniki na kompyuta niliisomea Nairobi jioni, mchana nikipitisha nyaya kwenye dari za watu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mheshimiwa aliyenipigia simu. Kisha nikaenda Muscat, nikatunza kompyuta za kampuni ya mizigo katika chumba chenye baridi kama Nyamache mwezi wa saba, huku nje lami ikilainika kwa joto. Hiyo diploma iko sebuleni kwangu Suneka, ndani ya fremu, juu ya televisheni. Mgeni asipoiona huwa nakohoa mpaka atazame juu.

Niliporudi, watu walidhani nimefukuzwa. Kwetu mtu akirudi kutoka ng'ambo kabla ya kuzeeka lazima awe amefukuzwa au anaumwa. Ukweli ni kwamba nilitaka kufanya kazi mahali ambapo kitu kikiharibika, nitasikia malalamiko kwa lugha ya mama yangu. Redio yetu hapa Kisii ilinipa nafasi hiyo, na malalamiko niliyapata ya kutosha.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi zile mnazozijua, nikapita duka la vifaa vya ujenzi chini, nikapita fundi cherehani, mpaka ghorofa ya mwisho ambako mabati yako karibu na kichwa. Nilivaa tai. Meneja wetu, Madam Bosibori, aliitazama ile tai, akanitazama na mimi, akasema, "Wewe ndiye fundi?"

"Injinia," nikamwambia.

"Sawa, fundi. Choo kimeziba."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika utangazaji. Nilikizibua, na niliizungusha tai shingoni isilowe.

Aliyenipokea kwa heshima ni Mzee Nyakundi. Ninyi wengine hamkumkuta, kwa hiyo niwaeleze. Alikuwa mtangazaji wa salamu za asubuhi na matangazo ya vifo ya jioni, Msabato kutoka upande wa Nyamira, mrefu, mwenye koti moja la kahawia ambalo sikuwahi kuliona chafu wala kuliona jipya. Kila mtu ofisini alimwita Tata, kama tunavyowaita baba zetu, hata Madam alipokuwa amemkasirikia. Hakuwa mtu wa mitambo. Lakini mimi, na diploma yangu, nilijifunza mitambo kwake. Alikuwa akifumba macho studioni na kusema, "Ogeto, kuna nyuki kwenye ule waya wa kushoto." Mimi sisikii kitu. Nafungua, nakuta kiungio kimelegea. Alinifundisha kukaa kimya mbele ya mashine kabla ya kuishika. Mpaka leo nikimwona fundi anaanza na bisibisi kabla ya masikio, namhurumia mwenye mashine.

Kwa kulipa fadhila, nilimfundisha kompyuta. Ilikuwa kazi. Kidole chake kimoja kilibonyeza kama mtu anayejaribu kama chai ni moto. Tena mkono wake ulitetemeka kidogo, na siku moja alipokuwa akiburuta faili kutoka folda moja kwenda nyingine, mkono ukaachia katikati, faili ikaangukia kwenye folda isiyojulikana. Ilikuwa mahojiano na mpiga obokano mmoja, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, na tuliyatafuta mpaka jioni. Siku hiyo nikamwekea sheria. Nikamwambia, "Tata, usiburute tena kitu chochote. Nakili faili unakotaka iende. Ifungue huko, sikiliza mpaka mwisho. Ukishasikia imefika yote, ndipo urudi ufute ile ya kwanza."

"Mpaka mwisho kabisa?"

"Mpaka mwisho. Faili inaweza kukatika katikati na wewe hujui."

Alilishika hilo kama fungu la kukariri la Sabato. Nikipita mlangoni kwake namsikia akinong'ona, nakili, sikiliza mpaka mwisho, ndipo ufute. Vijana wa habari walimcheka. Hakupoteza faili nyingine tena, jambo ambalo siwezi kusema kuhusu vijana wa habari.

Maktaba ya sauti ilikuwa chini ya Kemunto, ambaye bado mnaye na mumheshimu. Wakati huo alikuwa mwanamke mdogo, Mkatoliki, mwenye binti anayesoma shule ya bweni, na mwenye kinasa sauti ambacho alikibeba milimani kote. Siku za soko alikwenda Nyamache, Suneka, Keroka, akirekodi watu wakisalimia jamaa zao. Alirudi na matope mpaka magotini na sauti kwenye mkoba, akazipanga, folda ya kila mahali, ndani yake folda ya kila kijiji, ndani yake majina. Aliniita Ogeto siku za kawaida. Aliponiita Injinia nilijua anataka kitu.

Salamu hizo tulizicheza alfajiri, kabla mtangazaji hajafika. Nilikuwa nimeiandikia kompyuta programu ya kuchagua sauti yenyewe, hapa ya Nyamira, hapa ya Kisii, na watu wakafurahi kusikia majina yao wakichemsha chai. Kisha likatokea la Mama Kerubo.

Mama huyo alikuwa msikilizaji wetu wa Nyamache tangu tulipoanza. Alifariki, na jioni Mzee Nyakundi akasoma tangazo lake hewani, taratibu, watoto wote, wakwe wote, siku ya mazishi. Alfajiri iliyofuata kompyuta ikachagua sauti, na sauti iliyoichagua ilikuwa ya Mama Kerubo, amechangamka, anawasalimia wanawe na kuwaambia waamke, chai iko tayari.

Wanawe walikuja ofisini siku hiyo hiyo. Hawakupiga kelele, na nadhani tungependelea kelele. Mkubwa wao alisema, "Mtoto wangu mdogo alikimbia jikoni kumtafuta nyanya yake. Tumemtoa huko analia. Mlitaka tumwambie nini?"

Madam aliomba radhi vizuri, kwa maneno yote yanayofaa. Walipoondoka alituagiza sote kuwa makini zaidi, na akageukia mambo mengine.  Jioni Mzee Nyakundi alisoma matangazo ya vifo, kisha akabaki ameketi kwenye kiti cha Kemunto, maana ndiko alikosomea. Muziki wa matanga ulikuwa kwenye kompyuta ya maktaba. Kemunto alikuwa akiondoka na kumwachia mashine imefunguliwa kila jioni. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyelifikiria, kama vile hufikirii nani huzima taa.

Sasa nifike kwenye kazi ninayojivunia kuliko zote. Chuo kimoja kilimwandikia Madam kikisema kinataka kusikiliza sauti za maktaba yetu, lugha ilivyosemwa na wazee wa sehemu mbalimbali. Madam akawa kama amegundua ana dhahabu darini. Akatangaza kwamba hakuna mtu mwingine atakayeigusa maktaba isipokuwa Kemunto, akaniita. "Fundi, nataka kitu cha kunionyesha kila kinachobadilika humo. Kikiingia nijue. Kikitoka nijue."

Nilimwandikia programu niliyoiita mlinzi. Nitaeleza kidogo, kwa sababu najua mnatumia cha kununua na hamjui kinafanyaje kazi. Folda za kompyuta ni mti ambao mzizi wake uko juu na matawi yanateremka. Mtu hudhani ukiweka mlinzi kwenye tawi, anaona vijitawi vyote vilivyo chini yake. Haoni. Anaona folda ile aliyosimama mlangoni pake tu. Kwa hiyo programu yangu ilitembea kwanza mti mzima wa maktaba ikiweka mlinzi kwa kila folda, na folda mpya ikizaliwa, mlinzi mpya anawekwa hapo hapo, kisha anaingia ndani kutazama, maana kuna vitu vinavyoweza kuwa vimeingia kabla hajafika. Umeme ukikatika, na mnajua radi zetu za alasiri, walinzi wote wanalala. Ukirudi, hawajui lililotokea gizani. Lazima utembee mti tena na kulinganisha ulichokiacha na ulichokikuta. Onsongo, usicheke. Wewe ndiye uliyeweka ripoti ya mlinzi ndani ya folda inayolindwa, mlinzi akaandika kwamba kuna kitu kimeandikwa, kisha akaandika kwamba ameandika, mpaka diski ikajaa. Nilikutetea siku hiyo. Deni hilo lipo.

Mlinzi alifanya kazi vizuri. Vizuri mno, kama ilivyotokea. Baada ya muda ripoti ikaanza kuonyesha sauti zinazofutwa. Moja hapa, mbili pale, bila mpangilio ambao ningeweza kuuona. Nilimwuliza Kemunto, akasema hajafuta kitu. Nilikuwa bado nachunguza Madam alipoiona ripoti mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa mchana, na watu wa chuo walikuwa wanakuja Jumatatu. Alituita sisi wawili ofisini kwake.

"Fundi, soma."

Nikasoma majina ya faili, na mbele ya kila moja, imefutwa.

"Kwenye kompyuta gani?"

"Ya maktaba."

"Nani anakalia kompyuta ya maktaba?"

"Kemunto, Madam. Lakini mlinzi hajui watu. Anajua nini kimetokea na saa ngapi. Nani, hawezi kuniambia."

"Sijaomba hotuba."

Kemunto akasema, "Madam, mimi nifute sauti nizifanyie nini? Nikaziuze sokoni na ndizi?"

"Hilo ndilo utaniambia. Nimeahidi watu maktaba nzima, halafu naonyesha mashimo. Kama huna la kusema, niachie funguo leo kabla ya kwenda nyumbani."

Hatukubishana naye. Kemunto alimwachia funguo, akarudi kwenye meza yake akaanza kutoa vitu kwenye droo: kitana, biskuti, picha ya binti yake. Mji wetu ni mdogo. Mtu akifukuzwa Kisii kwa kufuta sauti za wazee wa watu, habari inafika kanisani kabla yake, na inamsubiri kwenye benchi. Alikuwa ametembea milima ile yote kwa miguu ili kuzikusanya, na sasa angejulikana kwa kuzipoteza. Nilimfuata mpaka mezani pake.

"Injinia," akasema, bila kunitazama.

"Naam."

"Hicho kitu chako kinajisifu kinaona kila kitu."

"Kinaona kila kitu kwenye maktaba."

"Na nje ya maktaba?"

"Sikukiweka nje. Madam alitaka maktaba."

Ndipo akanitazama. "Sasa wewe ukiwa na askari getini, na ng'ombe hayupo zizini, utasema ng'ombe amekufa?"

Niliketi kwenye kiti chake. Kweli, mlinzi wangu alijua kwamba faili haiko tena mahali pake. Kama imekufa au imehamia boma jingine, hakuwa na macho ya kuona huko. Nikaanzisha mlinzi upya, safari hii kutoka mzizini kabisa, nikamwambia atembee kompyuta nzima, kila diski, aniletee majina yanayofanana na yale yaliyotoweka. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza na mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana. Nilikuwa naomba umeme usikatike, na mimi si mtu wa kuomba sana.

Majina yalitokea. Yote. Yalikuwa kwenye diski ya zamani ambayo nilikuwa nimeichomoa kwenye mashine iliyokufa na kuipachika pale kama akiba, na ambayo kila mtu alidhani ni tupu. Humo kulikuwa na folda moja. Jina lake, Waliolala.

Kemunto aliinama akasoma juu ya bega langu. Alisoma jina la kwanza, la pili, kisha kidole chake kikasimama kwenye kioo.

"Huyu tulimtangaza," akasema. "Na huyu. Huyu nilikwenda mazishi yake Nyamira. Ogeto, hawa wote ni marehemu."

Jina la juu kabisa, la kwanza kuwekwa humo, lilikuwa Mama Kerubo.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Kila faili ilikuwa na saa ilipowekwa kwenye ile folda, na kwa zile zilizohama baada ya mlinzi kuanza kazi, ripoti yangu ilikuwa na saa ilipofutwa maktaba. Nilizilinganisha. Kati ya kuwekwa na kufutwa kulikuwa na nafasi, na nafasi hazikulingana. Moja fupi, nyingine ndefu. Nikafungua faili ya nafasi fupi. Salamu zake fupi. Nikafungua ya nafasi ndefu. Mzee fulani wa Suneka anasalimia ukoo mzima na shemeji zake. Kila nafasi ilikuwa na urefu wa sauti yenyewe, na kidogo cha ziada, kama cha mtu mwenye kidole kimoja. Mtu huyu alinakili, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akafuta.

"Kemunto," nikasema, "huyu mtu ni mwanafunzi wangu."

Tulishuka ngazi mbio. Ijumaa Mzee Nyakundi aliondoka mapema ili awe nyumbani kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Tulimkuta mlangoni pa duka la vifaa, koti limefungwa vifungo vyote, mwavuli mkononi, akisubiri mvua ipungue. Nikamweleza kwa kifupi. Hakuuliza swali lolote. Aligeuka akaanza kupanda ngazi, na ingawa tulikuwa vijana, tulishindwa kumpita.

Aliingia kwa Madam bila kubisha.

"Bosibori, huyu binti umemfanya nini?"

"Tata, haya ni mambo ya ofisi."

"Basi mimi ndiye mambo ya ofisi. Hizo sauti nimezihamisha mimi. Hakuna iliyopotea. Ziko pamoja."

Madam alivua miwani. "Na kwa nini hukusema?"

"Ningekwambia ungesema tungoje mkutano. Nikisoma tangazo la mtu jioni, ile mashine ya Ogeto inaamka alfajiri. Mkutano ungekuwa lini, usiku?"

"Nilisema maktaba isiguswe."

"Ulisema. Na kwa Mama Kerubo ulisema tuwe makini. Nilikuwa makini."

 Kemunto ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tata, si ungeniambia mimi?"

"Ningekwambia, ungelazimika kumficha meneja wako. Sikutaka ubebe siri."

"Sasa nikawa mwizi bila siri."

 Nilikuwa nimemwona Mzee akisoma vifo vya marafiki zake hewani bila sauti kuyumba, lakini pale alitafuta maneno na hakuyapata haraka. Mwishowe alishika mkono wa Kemunto kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Nisamehe, mama. Nilifikiria waliolala, nikakusahau wewe uliye macho."

 Kisha Madam akafungua droo, akatoa funguo za maktaba ambazo Kemunto alikuwa amekwisha kuzikabidhi, akazisukuma juu ya meza kwa upande wake. Kuomba radhi kwa wafanyakazi hakukuwa kipaji chake, lakini funguo zilisukumwa mpaka zikagusa mkono wa Kemunto, na aliyemjua Madam alijua hilo ni nini. Akanigeukia mimi.

"Injinia, hiyo programu yako ilinidanganya."

"Haikudanganya, Madam. Ilijibu ulichouliza."

Mtaona wenyewe neno aliloniita. Ilikuwa mara ya kwanza, na kwa ajili yake nilimsamehe ile ya choo.

Jumatatu Mzee Nyakundi alipanda ngazi na mkungu mzima wa ndizi begani, akauweka kwenye meza ya Kemunto juu ya karatasi zote. Kemunto akauzunguka akiukagua. "Tata, hizi ni za kupika au za kuiva?"

"Za kupika. Za kuiva ungesema nakubembeleza."

Watu wa chuo walipofika, Kemunto aliwaonyesha maktaba na folda ya Waliolala pia, akawaeleza kwa nini ipo. Kijana mmoja wao aliomba kusikia ya Mama Kerubo. Kemunto akamwambia hiyo anasikiliza kwa vifaa vya masikioni, si kwa spika, kwa sababu dirisha liko wazi na wengine sokoni ni watu wa Nyamache. Tangu siku hiyo Waliolala ikawa folda rasmi. Ina mlinzi wake. Na kanuni ya kuhamisha sauti ikaandikwa ukutani kwa mkono wa Mzee mwenyewe. Ni ile karatasi iliyogeuka njano karibu na swichi, ambayo mmoja wenu, simtaji, alitaka kuitoa wakati wa kupaka rangi.

Mzee alistaafu kabla yangu, akaenda kwake Nyamira kulima chai na kusahihisha matangazo yetu kwa simu. Akisikia nyuki kwenye waya alipiga. "Ogeto, wa kushoto." Akiwa milimani huko, na redio ndogo ya betri.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kiti hicho ulichokalia, Onsongo, ripoti ya mlinzi ikitembea kwenye kioo kama kawaida, mimi nikinywa chai. Mstari mmoja ukatokea. Faili mpya imeingia Waliolala. Jina, Nyakundi, na la kijiji chake.

Hakuna aliyekuwa amenipigia simu. Mlango wa Kemunto ng'ambo ya korido ulikuwa umefungwa. Ningeweza kuvuka mara moja nikamwuliza. Sikuinuka, kwa sababu nilijua hajamaliza kusikiliza. Zile salamu nilizirekodi mimi mwenyewe siku Mzee alipostaafu, na zilikuwa ndefu. Alimsalimia kila mtu, wa studio, wa duka la chini, fundi cherehani, wakulima wa Nyamira na Kisii, na akawa anakumbuka mwingine kila alipotaka kumaliza. Nilikaa nikizifuata kichwani. Sasa amefika kwa Madam. Sasa kwa Kemunto, anamtania kuhusu ndizi. Sasa kwangu, anasema Ogeto ana diploma, ameniambia. Chai ilipoa. Kisha mstari wa pili ukatokea chini ya ule wa kwanza: imefutwa, maktaba, salamu, Nyamira.

Ndipo nikavuka korido nikabisha.

"Umeona," Kemunto akasema.

"Nimeona."

Basi hayo ndiyo niliyotaka kuwaandikia. Mengine, kama vile lini ubadilishe betri ya saa ya seva na kwa nini usimwamini mtu anayesema hajagusa kitu, nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati. Kwenye folda ya Suneka kuna salamu zangu, nilizirekodi wiki ya mwisho. Ziacheni hapo hapo, zichezwe alfajiri, mimi mwenyewe nazisikia nikichemsha chai. Na siku zitakapotakiwa kuhama, Onsongo, usiburute. Nakili, kisha ukae usikilize mpaka mwisho, hata pale ninapofika kwenye diploma.